Neno 'bure' lilivyomfungia mwalimu alama za wanafunzi

UKISHAVUKA feri pale Likoni, makanga watakuita "Diani! Diani!" hata kabla hujafika steji. Jumamosi mbili zilizopita niliketi kwenye matatu jirani na mama mmoja kutoka bara aliyekuwa akienda kumtembelea mwanawe. Tulipofika Ukunda, mbele ya maduka ya simu na wauza maembe, akaambiwa ashuke. Akagoma.

"Mimi nimelipa ya Diani. Bahari iko wapi?"

"Mama, Diani ndiyo hii. Bahari utaifuata na tuktuk."

Makanga hakumdanganya. Kwake yeye "Diani" ni jina la njia, yaani gari linaloishia au kupitia Ukunda kwenye barabara kuu ya Lungalunga. Kwa yule mama, Diani ni mchanga mweupe aliouona kwenye picha. Neno ni moja, limetamkwa sawa na kuandikwa sawa kwenye kioo cha gari, lakini kila mmoja alikuwa na ahadi yake kichwani. Tofauti ya ahadi hizo mbili ilimgharimu nauli ya tuktuk na hasira kidogo.

Nami nilikuwa nimeitwa Ukunda kwa jambo la aina hiyo hiyo, ingawa wakati huo sikulijua. Vijana wanne wanaofundisha kompyuta katika chumba kimoja nyuma ya duka la vyakula wamekusanya programu zinazoweza kuwafaa walimu wa shule za Kwale: za kuandaa ratiba, za kuhifadhi alama, kamusi, za kufundishia hesabu. Wamezipanga kwenye orodha moja. Mwalimu hufika na flashi yake, akatafuta anachotaka na kuondoka nacho bila kutumia data yake kupakua kitu kizito. Kandoni mwa orodha kuna maneno ya kubofya ili orodha ipungue: Bure, Mpya, Karibuni, Majaribio, Leseni, Jukwaa, Nje ya mtandao. Maneno hayo waliyatafsiri kutoka kwenye saraka za Kiingereza. Walichotaka kwangu ni kidogo tu.

"Mwalimu, tuangalizie kama ni Kiswahili sanifu," mmoja wao aliniambia.

Niliangalia. Hapakuwa na kosa hata moja la tahajia. Nilikuwa karibu kuwapongeza na kuagiza chai alipoingia mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka upande wa Msambweni, kipakatalishi mkononi, akasalimu kwa adabu zote kisha akasema, "Wanangu, ile programu yenu ya bure imenifungia alama za watoto."

Kisa chake kilikuwa hiki. Mwanzoni mwa muhula alibofya neno "Bure", akachagua programu ya kuhifadhi alama, akaiweka kwenye mashine yake. Kwa mwezi mzima ilimtii. Alipomaliza kuingiza alama za Gredi ya Sita na wazazi wakiwa wameshaalikwa kuja kuchukua ripoti, programu ikajifunga na kudai pesa. Ilikuwa bure kwa siku 30 tu. Alama zilikuwa ndani, naye alikuwa nje. Alikesha siku mbili akiziandika upya kutoka kwenye karatasi za mtihani.

Basi sote tukasahau chai.

Tuanze na neno lenyewe. Bure kwa Kiswahili ni kitu usicholipia, na wengine husema bwerere kwa kutia chumvi. Lakini pia bure ni kitu kisichofaa au jitihada isiyozaa matunda: nimekwenda bure, mtu bure, kazi bure. Ndiyo maana baadhi ya watafsiri wa programu hukimbilia "bila malipo". Mimi nawaunga mkono. "Bila malipo" haina dharau ndani yake. Hata hivyo, haikuwa shida ya mwalimu wa Msambweni. Hakudhani programu ile haina thamani. Alidhani haitamdai. Neno lilimweleza siku ya kwanza na halikumweleza siku ya thelathini na moja.

Kuna tatizo la pili lililojificha nyuma ya hilo, na chanzo chake ni Kiingereza. Neno lao "free" hubeba mambo mawili: kutolipa, na kuwa huru. Mmarekani Richard Stallman alipotangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983, na kuanzisha wakfu wa programu huru mwaka 1985, ilimbidi aeleze tena na tena kwamba hazungumzii bei. Alizungumzia uhuru wa mtumiaji wa kuiendesha programu atakavyo, kuichunguza, kuigawa kwa wengine na kuibadilisha. Mwaka 1998 wenzake wengine walichoshwa na maelezo hayo, wakabuni jina jingine linalosisitiza kwamba maandishi ya ndani ya programu yako wazi kwa kila mtu. Hadi leo katika mkusanyiko maarufu wa programu uitwao Debian kuna sehemu yenye jina linalomaanisha "zisizo huru", na humo utakuta programu tele usizolipia hata senti moja. Anayesoma jina hilo akiwa na bei kichwani atapotea kabisa.

Sisi Waswahili hatuna haja ya kupotea hivyo, kwa kuwa tuna bure, tuna huru, na tuna huria. Hili la mwisho tumelizoea kwenye soko huria. Aidha kuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Mwanafunzi wa chuo hicho analipa karo, na hajawahi kulalamika kwamba jina la chuo limemdanganya. Huria si bure, na masikio yetu yanalijua jambo hilo bila kufundishwa. Kwa hiyo mtafsiri anayekutana na "free" kwenye saraka ya programu na kuandika "bure" kila mahali ametupa utajiri wa lugha yake na kuchukua umaskini wa lugha ya jirani. Vijana wa Ukunda walikuwa wamefanya hivyo. Chini ya neno lao moja "Bure" walikuwa wamechanganya programu za aina tatu: zile ambazo huzilipii kamwe na unaruhusiwa kuzigawa, zile ambazo huzilipii lakini huruhusiwi kuzinakilia shule nyingine, na zile zinazokuachia mwezi mmoja uonje, kisha zinafunga mlango.

Aina hii ya tatu walikuwa wamejaribu kuitengea neno lake, "Majaribio". Ila programu ya yule mwalimu haikuwa humo, na nilipouliza kwa nini, nikaoneshwa kwamba "Majaribio" ilijaa programu ambazo watengenezaji wake bado hawajazimaliza, zile za beta. Jaribio ni jaribio, waliniambia. Hapo ndipo nilipoona kosa la nomino. "Toleo la majaribio" halisemi nani anamjaribu nani. Je, ni mtengenezaji anayeijaribu kazi yake, na huenda ikaharibika mikononi mwako? Au ni wewe mnunuzi unayeionja kabla ya kulipa? Kwa mwalimu mwenye alama za watoto, hatari hizi mbili ni tofauti sana: ya kwanza inaweza kupoteza data, ya pili inaiteka.

Kiswahili kina dawa ya maradhi haya, nayo imo kwenye kitenzi. Viambishi vyetu husema nani anatenda na nani anatendwa, kwa herufi chache sana. "Bado inajaribiwa" haiwezi kumaanisha kwamba wewe ndiwe unayeonja. "Ijaribu kwa siku 30" haiwezi kumaanisha kwamba fundi hajamaliza. Ukigeuza nomino kuwa kitenzi, utata unakwisha. Kwa nini basi watafsiri wetu wanapenda nomino? Nadhani ni kwa sababu Kiingereza hupenda kuweka nomino au kivumishi kimoja kwenye kitufe, nasi tunaona kwamba neno moja lazima litafsiriwe kwa neno moja. Hakuna sheria hiyo popote.

Mmoja wa vijana, mzaliwa wa Gazi ambaye babake ana shamba la minazi, hakuridhika.

"Mwalimu, maneno ya hatua si tunayo hapa hapa?" Akahesabu kwa vidole: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi.

Wenzake walicheka, lakini mimi sikucheka. Saraka kubwa ya programu za lugha ya Python ina hatua saba za ukomavu ambazo mtengenezaji huweza kubandika kwenye kazi yake, kuanzia mipango, kupitia alfa na beta, hadi iliyokomaa na ile isiyoshughulikiwa tena. Wageni wengi huzisoma wasijue alfa inawataka wafanye nini. Majina ya nazi hayana shida hiyo. Hakuna mtu wa Kwale atakayelikuna dafu wala kukaribisha mgeni kwa kitale. Koroma ni ile iliyopita udafu lakini haijawa nazi: maji yake yameshapungua utamu na nyama yake haijakomaa ya kukunwa. Kila jina linakwambia ufanye nini na usifanye nini. Hii ndiyo kazi hasa ya neno la kubandika.

Hata hivyo nilimkatalia kuandika "koroma" kwenye orodha, kwa shingo upande. Walimu wa Kwale hawatoki Kwale wote. Tume ya Huduma za Walimu inampeleka mtu kutoka Kisii au Nyeri hadi Lungalunga, na huyo hana koroma kichwani mwake. Neno la kubandika halimtumikii aliyelibandika. Linamtumikia anayetafuta, na anayetafuta aghalabu ni mgeni wa hapo. Tulichochukua kwenye mnazi ni mbinu tu: badala ya kutaja hatua, tueleze itumike kwa nini. Tukaandika "Bado inajaribiwa: usiitegemee kwa kazi muhimu".

Maneno mengine yalipita haraka zaidi. "Leseni" kwa Mkenya ni ya kuendesha gari, au ile ya biashara anayoulizwa na askari wa kaunti. Anachotaka kujua mwalimu ni kama anaweza kuiweka programu hiyo kwenye mashine zote za shule na kumpa mwenzake wa shule ya pili. Basi andika "Unaruhusiwa kuigawa". "Jukwaa" ni mahali pa kuchezea ngoma na kupigia siasa, na sijui aliyelipachika maana ya aina ya mashine alikuwa na haraka gani. "Kifaa chako" inatosha, halafu chini yake simu au kompyuta.

"Karibuni" ilinifurahisha. Walitaka kumaanisha programu zilizoingizwa siku za karibuni. Lakini neno hilo likisimama peke yake, kwa mtu wa Diani ni maandishi ya mlango wa hoteli. Likipewa kiunganishi, "za karibuni", bado linaweza kuwa la wakati au la mahali: hoteli za karibuni na programu za karibuni si karibu moja. Tena ukiongeza "Mpya" pembeni yake, mtafutaji atauliza tofauti ni nini. Mpya kwa kuwa imeandikwa juzi, au mpya kwa kuwa imeingizwa juzi kwenye orodha hii, au ya zamani lakini toleo lake ni jipya? Mambo hayo ni matatu.

Hilo la "Mpya" lina mwiba mwingine ambao Kiingereza hakiujui. Vivumishi vyetu vingi havisimami peke yake, vinamtafuta mwenyewe. Programu ni mpya, vitabu ni vipya, masomo ni mapya. Orodha ikiwa na programu tu, "Mpya" na "Zote" zitapita. Siku vijana watakapoongeza vitabu na masomo, "Zote" itakuwa imevaa nguo ya mtu mwingine. Saraka za Kiingereza huandika neno moja juu ya kila kitu na kwenda zao. Anayetafsiri kwa Kiswahili hana budi kumwomba mtengenezaji amwambie neno hilo litakaa juu ya nini, na ikiwa litakaa juu ya vitu vya ngeli tofauti, atafute maneno yasiyodai upatanisho: "Mwezi huu", "Mwaka huu". Nimeona programu za kampuni kubwa zikiwa na upatanisho uliovunjika kwa sababu hiyo tu. Si kwamba mtafsiri hakujua sarufi. Alipewa neno pekee ndani ya jedwali, bila sentensi.

"Nje ya mtandao" limeenea sana siku hizi kwenye simu zetu. Mtandao lakini ni mambo mengi: ni minara ya simu, ni intaneti, ni Facebook, na kwenye magazeti ni genge la walanguzi. Mwalimu wa ndani kule Kinango ambako simu hupanda mti kutafuta mawimbi anaweza kusoma "nje ya mtandao" akadhani anaelezwa mahali alipo. Sisi tuliandika "Ukishaiweka, haihitaji intaneti". Ni ndefu, najua. Kijana anayeunda kurasa alilalamika kwamba haitatosha kwenye kioo cha simu. Nikamuuliza mstari wa pili unauzwa bei gani. Akacheka, akaukata mstari.

Nimeliacha nyuma neno kubwa kuliko yote, lile linalokaa juu ya maneno mengine: "Chuja". Wataalamu wamekubaliana nalo na lina mantiki. Lakini ingia jikoni kwanza. Anayechuja nazi kwa kifumbu anataka tui lililopita, machicha yaliyobaki anayatupa. Anayechuja chai ni hivyo hivyo. Anayepepeta mchele kwenye ungo anataka kilichobaki, na kinachopeperuka ni pumba. Kisha toka jikoni uende kwenye siasa. Kura za mchujo Wakenya tunazijua vizuri. Tukisema mwanasiasa fulani amechujwa, tunamaanisha ametemwa. Sasa mbele yako pana kitufe: "Chuja: programu za kulipia". Ukikibofya, zitabaki hizo za kulipia, au ndizo zitakazotemwa? Na kichwa cha ukurasa kikikwambia "programu zilizochujwa", je, ni washindi au walioanguka?

Nilijaribu swali hili kwa vijana wenyewe walioijenga orodha. Wawili walisema zitabaki. Wawili wakasema zitaondoka. Walitazamana kama watu waliogundua kwamba wamekuwa wakiishi nyumba moja na kuita milango kwa majina tofauti.

Suluhisho halikuhitaji msamiati mpya. Ni vitenzi vya kila siku: "Onyesha tu" na "Ficha". Onyesha tu zisizolipiwa. Ficha zinazojaribiwa. Nilikataa "Toa", kwa kuwa kutoa ni kuondoa na pia ni kumpa mtu. Kwenye M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, "Toa pesa" haina utata kwa sababu pesa imetajwa na wakala yuko mbele yako. Peke yake juu ya kitufe, "Toa" ni fumbo. "Futa" nayo niliipa onyo: iko herufi mbili tu mbali na "Tafuta", na kidole cha haraka hakisomi herufi mbili.

Hapa sina budi kukiri kwamba sisi watu wa lugha tumejenga nusu tu ya nyumba hii. Mwaka 2004 wanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, na baada yao kampuni kubwa zikafuata. Kazi hizo zilitupatia maneno ambayo leo hakuna anayeyashangaa: faili, hariri, hifadhi, tafuta. Ukiyatazama, mengi ni amri. Amri kwa Kiswahili ni mzizi wa kitenzi mtupu, mfupi na mkali, unaotosha kitufe chochote. Neno la kupunguza orodha si amri. Ni maelezo ya kitu ambacho hakipo kwenye neno lenyewe, ndiyo maana linahitaji kiambishi cha kukiashiria. Tulipochukua mazoea ya amri tukayapeleka kwenye maelezo, tukapata "Leseni", "Jukwaa" na "Majaribio", maneno sanifu yasiyosema kitu.

Jumamosi iliyopita nilirudi. Tulikuwa tumeandika maneno mapya kwenye vipande vya karatasi, kila kipande na neno lake. Walimu sita walikuja, akiwemo wa Msambweni. Hatukuwauliza kama wanayaelewa, maana kwa adabu za pwani kila mtu angeitikia kwamba ameelewa. Tuliwauliza: ukibofya hapa, unatarajia kuona nini?

Mengi yalipita. Moja langu mwenyewe lilianguka, nalo nilikuwa nimelipigania. Niliandika "Zilizosasishwa mwaka huu" kwa sababu nalipenda neno sasisha. Limetokana na sasa, limeumbwa vizuri. Walimu watatu kati ya sita walilisoma wakasema wanatarajia kuona programu zilizosahihishwa, yaani zenye majibu ya mitihani. Kusahihisha ndiyo kazi yao. Macho yaliona walichokizoea. Nikajitetea kwamba neno limo kwenye matumizi ya wataalamu. Kijana wa Gazi akaniambia polepole, "Mwalimu, hata koroma imo kwenye kamusi." Nikanyamaza. Tukaandika "Zilizotolewa upya mwaka huu", ambayo siipendi, lakini wote sita waliielewa.

Lililotushinda ni lile lililotuleta. Mahali pa "Bure" tuliweka maneno mawili: "Ijaribu kwa siku 30, kisha ulipe" na "Hulipi kamwe". Mwalimu wa Msambweni aliitazama karatasi ya pili kwa muda mrefu kuliko zote.

"Hiyo kamwe ni ya nani?" akauliza. "Yenu, au ya wenye programu?"

Hakuna aliyejibu. Programu huria mtu anaweza kuiapia, kwa sababu nakala uliyo nayo ni yako na ruhusa yake haiwezi kupokonywa. Lakini zile nyingine, ambazo hazilipiwi kwa hisani ya kampuni tu, kampuni ikibadilisha nia kesho nani atazitolea hakikisho? Vijana walijadiliana hadi adhana ya Adhuhuri. Mwishowe wakaligawa neno tena. Kwa za huria: "Hulipi kamwe". Kwa nyingine: "Kwa sasa hulipi", na pembeni yake tarehe ambayo mmoja wao aliifungua programu hiyo na kuhakikisha mwenyewe. Kazi ya kuhakikisha wameipanga kwa zamu, kila mwanzo wa mwezi.

Mwalimu alichukua programu ya alama kutoka kundi la kwanza. Kabla hajaondoa flashi, aliomba karatasi ile ya "Hulipi kamwe", akaikunja na kuitia mkobani.

"Hii nakaa nayo," alisema. "Ikinifungia tena, narudi nayo hapa."